Mlima wa mbali na mbabula ya nyumbani

Juma hili zamu ya kuandika ukurasa wa familia imetufikia sisi. Tulitaka kuandika juu ya mitihani ya watoto, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Lakini kuna swali la mtoto mmoja ambalo limekaa nasi tangu mwezi uliopita, na linagusa jambo tutakalolipigia kura Jumamosi ijayo. Tumeona afadhali tuliandike hilo.

Tunafundisha jiografia katika darasa la nane. Somo la siku ile lilikuwa volkano. Shule yetu haina picha za kutundika ukutani, basi tulichora kwa chaki: mlima, shimo la juu, na moto unaopanda kutoka chini ya ardhi. Hapa Maniema hatuna mlima wa namna hiyo. Mtoto wa Kindu anajua mto, anajua gari-moshi, anajua msitu, lakini mlima unaotema moto anausikia tu kwa masikio. Tukawaambia juu ya Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, na jirani yake Nyamulagira, wenye mita 3,058, yote miwili ikiwa ndani ya Parki ya Virunga, Kivu ya Kaskazini. Tukawaandikia tarehe ubaoni: parki ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1925 kwa jina la mfalme wao Albert, nayo ndiyo parki ya taifa ya kwanza katika Afrika, mwaka 1979 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia, tangu 1994 iko katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 100. Mwisho tukawaambia kwamba walinzi zaidi ya 200 wamekwisha kuuawa wakiilinda.

Kijana mmoja wa benchi la nyuma, ambaye kwa kawaida hunyosha mkono ili kuomba ruhusa ya kutoka tu, siku ile alinyosha mkono ili kuuliza.

"Mama Mwalimu, mlima huo unaua watu. Sasa watu wengine wanakufa kwa kuulinda. Kwa nini wasiuache tu?"

Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu hatukuwa na jibu. Tulimsomea yaliyokuwa katika kaye yetu ya matayarisho: utalii, wanyama adimu, urithi wa dunia. Tukatazama nyuso zao. Mtoto anayekuja shuleni bila kunywa hata chai, umwambie utalii? Kengele ikalia, ikatuokoa. Tukawaambia tutaendelea Jumatatu.

Tulitoka chuo cha ualimu na diploma yetu tukiwa tumejifunza namna ya kuuliza maswali ya kuwafungua watoto akili. Hatukujifunza la kufanya siku mtoto akiuliza swali linalomfungua mwalimu.

Katika parsela tunamoishi yuko mgeni mmoja ambaye wengi wenu mnamjua. Tunamwita Mama wa Kibati, kwa kuwa alizaliwa Kibati, kijiji kilicho mguuni mwa Nyiragongo kabisa, pale watu wanapoanzia kupanda mlima. Alikuja Kindu mwaka 2021 kwa dada yake aliyeolewa hapa. Miaka hii yote tumeteka maji pamoja, tumetwanga sombe pamoja, tumeliana misiba. Hatukuwahi kumwuliza juu ya mlima. Tulidhani ni jambo la kumwumiza, au pengine hatukutaka kujua. Jioni ile tukakaa naye kando ya mbabula, tukampa swali la mtoto kama lilivyo.

Alinyamaza kidogo, akasukuma makala kwa kijiti. Kisha akasema, "Mama Mwalimu, mimi ndiye niliyekuwa nikiula ule mlima."

Akatueleza. Huko Goma aliuza makala. Alinunua magunia kwa jumla kwa watu wanaoyatoa porini, akayagawa mafungu mafungu, akauza mbele ya nyumba. Mnajua Goma ni mji mkubwa, nao unapika kwa makala. Sehemu kubwa ya makala hayo imetoka katika miti ya Virunga. Watu huingia msituni, hukata miti, huipanga, huifunika kwa majani na udongo, huiwasha, kisha huilinda siku nyingi iive polepole bila kuwa majivu. Baadaye wanawake hubeba magunia mgongoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, wakiteremka juu ya mawe ya lava yanayokata viatu. Na njiani huwalipa watu wenye bunduki. Kwa miaka mingi vikundi kama FDLR vimekula kodi ya makala katika msitu ule.

"Sisi wauzaji hatukuuliza mti umekatwa wapi," akasema. "Kila mtu alijua. Makala yalisomesha watoto wangu watatu."

Hapo tukadhani tumefika mwisho wa habari. Kumbe bado. Kaka yake, wa tumbo moja, alikuwa mlinzi wa parki.

Tafadhali mfikirie nyumba hiyo. Mama mmoja amezaa mvulana na msichana. Mvulana amepewa sare na bunduki ili azuie makala yasitoke msituni. Msichana anaishi kwa makala yanayotoka msituni. Kaka alimwonya dada yake mbele ya mama yao: "Nikikukuta barabarani na gunia, nitalishika. Usiseme sikukuambia." Siku moja akamkuta, naye akayashika magunia yake yote, kama alivyosema. Mtaji ukaisha siku hiyo. Mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa sekondari, akakaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa pesa za shule. Ndugu hao wawili hawakusemezana kwa miaka miwili.

"Lakini nikwambie jambo lililoniuma kuliko magunia," akasema. "Jioni ile ile kaka alikwenda kumsalimu mama, akala maharagwe. Maharagwe yale yalipikwa kwa makala. Mama yetu hana kitu kingine cha kupikia. Asubuhi amekamata, jioni amekula."

Tulimwuliza kama bado anamkasirikia. Akasema hapana. Alimsamehe siku ya volkano.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, jioni. Watu walikuwa nyumbani wakipika. Hakuna aliyekuwa ameonywa. Anga ya upande wa kaskazini ikageuka nyekundu, na watu wakaanza kupiga kelele barabarani kwamba mlima umepasuka. Alichukua watoto, sufuria moja na kaye ya likelemba, kwa sababu pesa za wamama kumi na wawili zilikuwa zimeandikwa humo. Walitembea usiku kucha. Lava iliteremka ikala vijiji, ikasimama Buhene, kwenye ukingo wa mji, karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Ardhi ikaendelea kutetemeka siku baada ya siku, na tarehe 27 Mei serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Wengine walivuka kwenda Gisenyi, Rwanda. Yeye akafuata barabara ya Sake pamoja na maelfu ya watu, akashuka Minova, na kutoka huko akavuka ziwa hadi Bukavu. Miezi ikapita ndipo akatufikia sisi.

Usiku ule wa kwanza aliyempigia simu kabla ya wote alikuwa kaka yake. Hakusema habari ya magunia. Alisema tu, "Uko wapi? Usipite mabondeni." Kwa maana upande ule kuna kitu wanachokiita mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa yetu, inayokaa mashimoni na mabondeni kama maji yasiyoonekana. Mbuzi akiingia anaanguka. Mtoto akimfuata mbuzi, anaanguka naye. Watu wa Goma wanaijua, na hata wataalamu wa nchi za mbali wameliacha jina hilo la Kiswahili katika vitabu vyao.

Jumatatu hatukurudi darasani peke yetu. Tuliomba ruhusa kwa mkurugenzi, tukamleta Mama wa Kibati. Alivaa kitambaa chake kizuri, akasimama mbele ya ubao, mikono ikitetemeka. Watoto wakanyamaza kama kanisani. Kijana wetu wa nyuma akarudia swali lake, safari hii kwa sauti ndogo.

Mama wa Kibati hakumjibu kwa utalii. Alimwuliza, "Mwanangu, ule mlima umeteremsha moto mwaka gani na mwaka gani?"

Tulikuwa tumeziandika tarehe ubaoni: Januari 1977, Januari 2002, Mei 2021. Ile ya mwaka 2002 ilikuwa Alhamisi tarehe 17. Lava ilipita katikati ya Goma hadi ikaingia Ziwa Kivu, na watu zaidi ya laki moja wakakosa nyumba.

"Sasa hesabu. Kutoka moto wa kwanza hadi wa pili?"

"Miaka 25."

"Na kutoka wa pili hadi wa tatu?"

"Miaka 19."

"Katika miaka 19 mtu anazaliwa, anasoma, anaoa, anazaa. Miaka hiyo yote anakula nini? Anakunywa nini? Mlima wenyewe hatuulindi, mwanangu. Mlima unajilinda. Tunalinda kilicho juu yake, kwa sababu ndicho kinachotulisha kati ya moto mmoja na mwingine."

Kisha akawaeleza kama mtu anayeeleza shamba lake. Udongo wa upande ule una rutuba nyingi kwa sababu mlima uliutema zamani. Maharagwe na viazi vya Rutshuru na Masisi vimelisha miji. Lakini Goma yenyewe imekaa juu ya mawe ya lava. Mvua ikinyesha, maji yanapotelea katika nyufa za mawe, wala huoni mto. Watoto huteka maji ziwani kwa bidoni. Kwa hiyo msitu wa milimani si pambo. Unashika mvua, unashika udongo usiteremke, unapoza mashamba. Ukiuvua mlima nguo yake, unabaki jiwe la moto lisilokuwa na faida.

Sisi tukaongeza jambo moja tulilolisoma. Wataalamu wa kituo cha Goma kinachochunguza volkano huweka vyombo porini, kandokando ya milima, ili wasikie ardhi inapoanza kutikisika. Mahali penye bunduki vyombo hivyo huibwa, au mtaalamu anaogopa kwenda kuvitengeneza. Kwa hiyo msitu usiolindwa unafanya hata mlima usisikilizwe. Wale wanaolala chini yake ndio watakaolipa.

Msichana mmoja akauliza juu ya gorila. Ni kweli, wale gorila wa milimani wamebaki zaidi kidogo ya 1,000 duniani kote, na wanaishi katika nchi tatu tu: Kongo yetu, Rwanda na Uganda. Mwezi Julai 2007 gorila kadhaa wa familia iliyoitwa Rugendo waliuawa kwa risasi ndani ya Virunga. Hawakuchukuliwa nyama, hawakukatwa mikono ya kuuza. Waliachwa pale pale. Waliofuatilia mambo hayo waliyaunganisha na biashara ya makala: kama gorila hawapo tena, nani atakuja tena kuulinda msitu? Watoto wakakaa kimya. Mama wa Kibati naye akainamisha kichwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kushika bunduki. Lakini alijua pesa yake ilikuwa ikipita katika mikono gani.

Tusije tukasema makosa yote ni ya wanawake wenye magunia. Mwanamke wa gunia anaonekana kwa sababu anapita barabarani. Wakubwa hawaonekani. Kampuni ya mafuta kutoka Uingereza ilichunguza mafuta ndani ya Virunga mpaka mwaka 2014 ilipokubali kuacha. Mwezi Julai 2022 serikali yetu ilitangaza kuuza vitalu vya mafuta, vingine vikigusa Virunga. Uuzaji huo ukafutwa Oktoba 2024. Pia wako wazee wanaosema mpaka ule ulichorwa na mkoloni bila kuwauliza mababu waliokuwa wakilima hapo, nao wana haki ya kusema hivyo. Mtu akinyimwa shamba la babu yake, kisha akatazama msitu kwa njaa, sheria peke yake haimshibishi. Wazee wetu walisema mwenye njaa hana miiko.

Na walinzi nao ni watoto wa watu. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa kwa siku moja, pamoja na dereva wao na raia wanne. Siku hizi wako hata wanawake waliovaa sare hiyo. Kaka wa Mama wa Kibati bado yuko kazini. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi Januari 2025, simu yake inaingia siku moja, kisha siku nyingi kimya. Kila Jumapili baada ya misa dada yake huketi nje ya nyumba na simu mapajani. Tukimwona hivyo, hatumsemeshi.

Sasa, wamama, tufike hapa kwetu, maana msije mkasema mwalimu ametupeleka Goma akatuacha huko.

Jumapili iliyofuata tulimwalika Mama wa Kibati chakula, kumshukuru. Tulipika wali wetu wa Maniema, sombe yenye mawese, na nyama ya pori ya kukaushwa tuliyonunua sokoni. Alikula wali, akala sombe. Nyama akaisogeza kando ya sahani, kwa adabu. Tukamwuliza kama ina chumvi nyingi.

"Hapana. Ila nawauliza kama yule mtoto alivyouliza: nyama hii imetoka wapi?"

Tulimjibu neno lile lile alilotuambia yeye: hatukuuliza.

Ninyi mnajua inakotoka. Inakuja kwa kinga, imefungwa nyuma, imekauka na kuwa nyeusi hata hujui kama ni kima au ni kitu gani. Inatoka katika misitu ya upande wa Lomami. Na huko, tangu mwaka 2016, tunayo parki yetu, Parki ya Taifa ya Lomami, karibu kilomita za mraba 9,000, kubwa kuliko Virunga yenye karibu 7,800. Nusu yake iko katika mkoa wetu wa Maniema, sehemu nyingine Tshopo. Haina volkano. Ina bonobo, ina okapi, ina tembo wa msituni, wanyama ambao sheria ya nchi inakataza kabisa kuwaua. Ina pia kima aitwaye lesula, ambaye wataalamu walimwona mara ya kwanza mwaka 2007 huko Opala, akifugwa nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi. Mwaka 2012 wakamwandika katika vitabu vya sayansi. Wawindaji wa huko walikuwa wakimjua siku zote, na jina ni la kwao. Fikirini: nyumbani kwa mwalimu! Dunia nzima haikumjua, na mtoto wa mwalimu alikuwa akicheza naye uani.

Tuliona haya. Ijumaa tulifundisha darasa kulinda wanyama wa Virunga, Jumapili tukatia sufuriani wanyama wa Lomami. Kuna umbali gani kati ya kaka aliyekamata makala asubuhi akala maharagwe jioni, na sisi?

Na haya yetu ina sehemu ya pili, ambayo lazima tuiseme hapa kwa sababu sahihi ni yetu. Sisi ndio tunaoshika kaye ya likelemba ya umoja huu. Mwaka huu tumemkopesha mwenzetu mmoja mara mbili kwa ajili ya biashara ya nyama ya pori. Tuliandika "biashara ndogo", tukatia sahihi, hatukuuliza. Alirudisha pesa yote kwa wakati, kuliko wengine. Ni mama mwenye bidii, mjane, na watoto wake wanne wako shuleni. Mmoja yuko katika darasa letu. Tulikwenda kwake kabla ya kuandika, naye ameturuhusu tuandike bila jina lake. Alituambia neno moja tulilobeba mpaka leo: "Mkinifungia mlango huu, mnifungulie mwingine siku hiyo hiyo. Siyo mwezi ujao."

Ndilo tulilojifunza katika nyumba ile ya Kibati. Kaka alikuwa na haki. Sheria ilikuwa upande wake, na msitu ule unastahili kulindwa. Lakini alipoyashika yale magunia hakuna aliyemfungulia dada mlango mwingine, na mtoto akakaa nyumbani mwaka mzima. Msitu haukupona kwa hilo. Gunia alilolikosa yeye lilibebwa na mama mwingine juma lililofuata. Mahali ambapo jambo limeanza kubadilika kidogo ni pale watu walipopewa kitu kingine: katika mto Rutshuru kumejengwa mtambo wa umeme wa Matebe, unaofanya kazi tangu mwisho wa mwaka 2015, na umeme wake umefika hadi Goma. Nyumba yenye umeme wa bei nafuu inaweza kupumzisha makala. Vita vimeharibu mengi, lakini njia ilionekana.

Sisi hapa Kindu hatuna mtambo wa kujenga. Tuna kaye ya likelemba na tuna jiko. Basi Jumamosi tutaleta mambo matatu yapigiwe kura.

La kwanza, umoja usikopeshe tena pesa kwa biashara ya nyama ya pori, kwa sababu ikiisha kukaushwa hakuna anayejua ni ya mnyama gani wala imetoka ndani ya parki au nje.

La pili, siku hiyo hiyo, kabla ya kufunga kikao, mwenzetu huyo apewe mkopo mkubwa kuliko ule wa zamani ili aanze na samaki wa Lualaba au mchele. Yeye amechagua samaki. Anayo mashine ya akili ya biashara kuliko sisi walimu. Tusimfundishe, tumpe mtaji. Sisi tuko tayari kungoja zamu yetu ya likelemba ipite mara moja ili pesa hiyo ipatikane. Tumekwisha kuzungumza nyumbani, bwana amekubali, ingawa mabati ya jiko yatangoja.

La tatu ni dogo, na halihitaji kura. Mama wa Kibati ametufundisha kutengeneza mbabula ya bati iliyokandikwa udongo ndani, kama wanavyofanya wamama wengi wa Goma. Udongo unashika moto usipotee kando. Pia anatukumbusha kuloweka maharagwe tangu usiku, na kufunika sufuria ya sombe, mambo ambayo bibi zetu walijua na sisi tumesahau kwa haraka zetu. Kwetu gunia la makala lililokuwa likiisha kwa majuma matatu sasa linakaribia majuma manne. Ni juma moja la pesa lililobaki mfukoni, na miti michache iliyobaki imesimama. Haba na haba hujaza kibaba. Atakayetaka kujifunza aje na bati lake na udongo wa kichuguu.

Najua watu watasema: mnahangaikia kima wakati watoto wanalala njaa? Ni swali zuri, ni ndugu wa swali la yule kijana. Jibu letu tumelichukua kwa Mama wa Kibati. Msitu wa Lomami hautatema moto. Lakini nao una miaka yake. Wazee wa huku wanatuambia wawindaji zamani walitembea nusu siku wakapata nyama, na leo wanatembea siku kadhaa. Siku watakayorudi mikono mitupu, mjane wetu atauza nini? Afadhali aanze samaki leo akiwa na nguvu, kuliko siku ile akiwa na deni.

Kijana wa benchi la nyuma tulimrudishia kazi yake juzi. Tulikuwa tumewaambia waandike mistari kumi: "Kwa nini walinzi wanaulinda Nyiragongo?" Yeye aliandika mistari minne tu. Mstari wa mwisho ulisema kwamba kama yeye angekuwa mlinzi, angekamata makala, lakini kwanza angempa mama yake umeme. Tumempa alama nane juu ya kumi. Mbili tumemkata kwa makosa ya maandishi.

Tukutane Jumamosi saa tisa, mahali petu pa kawaida. Wa Alunguli mvuke mapema kabla mvua haijaanza. Na kabla hatujafungua kikao tumwombee kaka wa Mama wa Kibati, simu yake iingie.